Mwaka Wangu Mmoja wa Shule ya Umma

Wiki jana nilirudi Mugutha, karibu na mji wa Ruiru, kutafuta karatasi. Nasema karatasi kwa sababu nikikwambia nilirudi kuiona shule yangu ya zamani utanidhania mwanamke wa moyo mzuri kuliko nilivyo. Kuna ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili ng'ambo, umetengewa vijana waliopitia shule za umma, na fomu yake inataka nakala ya cheti cha kumaliza shule ya msingi. Changu kilipotea tulipohama. Baba aliponisikia nikisitasita kwenye simu alicheka, akasema niache kujisumbua bure. Mtihani si niliufanyia shule ya umma? Basi niandike hivyo. Baba yangu ana kipaji cha kusema jambo la kweli likatoka uongo.

Shule yenyewe sikuitambua mara moja. Upande uliokuwa na mibuni sasa kuna maghorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa kila roshani, na barabara ya vumbi tuliyoizoea imewekwa lami hadi langoni. Lakini ilikuwa saa nne, na jikoni walikuwa wameshawasha moto. Moshi wa kuni na harufu ya mahindi yanayochemka na maharagwe vilinijia, nikasimama pale kama mjinga, macho yakiniwasha. Mlinzi aliniuliza mara mbili kama nina shida.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana peke yangu nimeshindwa kuibeba habari hii.

Tulikaa mtaa wa Membley, nyumba ya vigae vyekundu na geti jeusi, na kuanzia chekechea hadi darasa la saba nilisoma akademi, shule ya binafsi ya kulipia. Basi la shule lilinichukua mlangoni. Darasani tulikuwa wachache kiasi kwamba ukisinzia mwalimu alimpigia mama yako simu. Jumamosi mwalimu wa hesabu alikuja nyumbani, akanywa chai na mandazi ya mama, kisha akanipitisha kwenye mitihani ya miaka ya nyuma mpaka nikaijua kama ninavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Sikuwa na akili za ajabu. Nilipikwa tu, nikaiva.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza darasa la saba, serikali ilitangaza jambo ambalo, tukisema kweli, lilikuwa la haki. Watoto wa akademi walikuwa wamezijaza shule za kitaifa, zile kubwa za bweni ambazo ukiingia watu wanaanza kukuita daktari kabla hujajua kutandika kitanda, na wale wa shule za umma, ambao ndio wengi, walikuwa wakiachwa nje. Sasa nafasi zingegawanywa kulingana na idadi ya watahiniwa wa kila upande. Membley ilinuna. Baada ya ibada wazazi walisimama kando ya magari yao wakilalamika kwamba watoto wao wanaadhibiwa kwa kuwa na wazazi waliojitahidi. Baba hakulalamika hata kidogo. Yeye alikuwa ameshaamua kunihamisha.

Hakuwa peke yake. Wazazi wengi waliandikisha watoto wao katika shule za umma kwa jina tu, wakaendelea kuwasomesha akademi, halafu siku ya mtihani wakawaleta na kalamu mpya mfukoni. Mimi yangu yalienda tofauti kwa sababu mwalimu mkuu wa shule ile ya Mugutha alikuwa mama mmoja wa sauti ndogo na msimamo mkubwa. Alimwambia baba kwamba mtoto asiyekaa darasani kwake hatamwandikisha. Kama anataka nifanyie mtihani pale, nije Januari, nikae mwaka mzima, na nifagie kama wengine. Ndiyo maana nina mwaka wa kukumbuka.

Kabla sijafika huko, nikwambie habari za Thika. Jumapili tulienda huko kwa cucu, mama yake baba, tukala mukimo na kuku wa kuchemsha, naye alipenda kusimulia. Guka, mumewe, alisoma kwa sababu baba yake alikuwa katekista na shule ilikuwa pale pale uani mwa misheni. Kwa kuwa alisoma, akawa karani katika shamba la kahawa la mzungu. Kwa kuwa alikuwa karani, alijua mapema kwamba mashamba yatauzwa, akajipatia lake. Baba akasomeshwa na kahawa ile, na nilipozaliwa mimi alikuwa akiliuza shamba kipande kwa kipande. Cucu aliyasimulia yote haya kama hadithi ya jasho, na kila mara alimaliza kwa kusema kwetu hakuna mtu wa kungoja. Nikiwa mdogo nilidhani anasifia miguu yetu, tunavyotembea haraka.

Basi Januari ikafika nikapelekwa Mugutha nikiwa na sweta jipya lililonikaa kama gunia. Darasani tulikuwa tumebanana watatu watatu kwenye dawati. Kushoto kwangu alikaa msichana mrefu mwenye kovu dogo juu ya jicho. Mama yake alikuwa ametoka magharibi, Kakamega huko, akifanya kibarua cha kuchuma kahawa msimu ukiwapo na kufulia watu nguo Membley msimu ukiisha. Waliishi wawili katika chumba kimoja cha mabati. Tangu darasa la kwanza msichana huyu alikuwa hajawahi kushika nambari mbili. Hata watoto wa chekechea walimjua, wakamnyooshea kidole akipita.

Ndani ya jalada la daftari lake la hesabu alikuwa amechora beji ya shule moja ya kitaifa ya wasichana. Hakuichora kwa majivuno. Aliichora jinsi mtu anavyoandika anwani ya nyumbani kwake, asije akapotea. Walimu wote walijua anakwenda huko. Kulikuwa na wafadhili waliokuwa wakimlipia karo mtoto wa shule ya umma aliyeitwa shule ya kitaifa na wazazi wake hawajiwezi, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kukusanya barua za kumwombea. Kilichokuwa kimebaki ni mtihani peke yake.

Sasa usikie kioja chetu. Kila Jumatatu kila mwanafunzi alitakiwa kuja na ukuni mmoja wa kupikia githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana. Kwetu hakuna aliyejua. Wiki ya kwanza nilifika mikono mitupu, nikasimamishwa kando na wakosaji. Wiki ya pili mama, ambaye alipika kwa gesi na hakujua pa kupata kuni, alinunua mfuko wa makaa ya kuchomea nyama kutoka supamaketi, ule wenye picha ya nyama iliyoiva mbele, na baba akaushusha langoni kutoka kwenye buti la gari. Shule nzima ilicheka hadi kengele ya pili. Mpishi aliugeuza geuza ule mfuko, akaniuliza kama nyama yenyewe inakuja nyuma. Kuanzia siku hiyo jina langu lilikuwa Membley.

Jumatatu ya tatu yule msichana alinisubiri pembeni ya lango akiwa na matawi mawili ya mbuni uliopogolewa. Aliyaokota alfajiri akipita shambani. Alininyooshea moja akasema, "Shika." Hakungoja nimshukuru. Alifanya hivyo kila Jumatatu mpaka Oktoba, na mimi nilizoea upesi sana. Yaani nilifika mahali nikikuta tawi ni bichi nanung'unika.

Nilikuwa na furaha mwaka ule, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Nilijifunza kunyunyizia maji sakafuni bila kufanya tope, kusugua sahani kwa majivu, kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba. Githeri ya pale ilikuwa na chumvi kidogo na mawe mawili matatu, na sijala chakula kitamu zaidi. Wakati wa msimu tulisikia mashine ya kumenya kahawa ikiunguruma kule bondeni, harufu ya maganda yaliyochacha ikaingia madirishani, na mwalimu wa Kiswahili akatuambia tuzibe pua tuendelee na insha. Akademi hakuna mtu aliyewahi kunigawia kitu chake. Tulikuwa na kila kitu, kwa hiyo hatukuwa na cha kugawiana.

Muhula wa kwanza tulifanya mtihani wa kupangwa. Siku zile shule ilipopeleka majina ya watahiniwa iliyaandika kwa kufuata uwezo: aliyeongoza alipewa nambari moja, wa pili mbili, hadi wa mwisho, na kila mtu alibeba nambari yake mwaka mzima kama jina la pili. Mwalimu wa darasa alisimama na karatasi, akasoma nambari moja, na jina likawa langu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mwenyewe aliitazama ile karatasi tena, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Msichana wa jirani yangu aliandika nambari mbili juu ya daftari lake, kwa mwandiko wake ule mzuri, akaipigia mstari.

Wakati wa mapumziko hakuninunia. Aliniuliza tu ile hesabu ya mwisho, ya tangi na mifereji miwili, niliifunzwa wapi. Nikamwambia kuhusu kitabu cha marudio nilichonunuliwa. Nikamwazima Ijumaa, akakirudisha Jumatatu, pamoja na ukuni wangu. Alikuwa amenakili sura nzima kwa mkono. Tukaendelea hivyo, Ijumaa kwa Jumatatu, na kwenye mtihani wa majaribio wa muhula wa pili alinipita kwa alama moja.

Baba alipoiona ripoti aliuliza imekuwaje. Nilimweleza habari za kitabu, nikijivuna kidogo kwa wema wangu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba vitabu vile vimenunuliwa kwa ajili yangu na visitoke tena nyumbani. Ningeweza kumlaumu yeye mpaka leo kama mambo yangeishia hapo. Lakini mwezi wa Septemba nilipata kingine, kipya, chenye mitihani ya kukisia, nikakibeba shuleni mwenyewe ili nisome mapumziko. Msichana aliniuliza kama nina kitabu chochote kipya. Nikamwambia nimekiacha nyumbani. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba ukiwa kwenye benchi katikati yetu, na goti lake lilikuwa limeugusa. Alisema sawa. Jumatatu iliyofuata akanipa ukuni kama kawaida.

Hiyo haikuwa serikali, wala haikuwa baba. Ilikuwa mimi, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijua kabisa nilichokuwa nafanya.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimempita kwa alama mbili. Nafasi ya shule ile ya kitaifa, ile ya kwenye beji yake, iliyoifikia shule yetu ilikuwa moja. Ilitolewa kwa ajili ya watoto wa shule za umma, na kwenye makaratasi mimi nilikuwa mtoto wa shule ya umma, nambari moja. Yeye aliitwa shule nyingine ya bweni, ya kawaida, ambayo wafadhili hawakuwa na habari nayo. Karo ilimshinda mama yake. Februari akaanza shule ya kutwa Ruiru, akitembea kwenda na kurudi, na jioni akimsaidia mama yake kufua.

Nyumbani tulifanya sherehe. Mama aliita watu, na kwa kuwa sufuria zilikuwa nyingi akamwita pia yule mama aliyekuwa akifulia majirani, aje asaidie. Hakujua ni mama wa nani. Mimi nilijua. Nilimwona nyuma ya nyumba akiwa ameinama kwenye beseni, nikataka kurudi ndani, lakini alikuwa ameshaniona. Alijifuta mkono kwenye leso akanishika wangu, wa kwake ukiwa bado na povu.

"Hongera, mama," aliniambia. "Umeletea shule yetu heshima."

Alisema shule yetu. Nilisema asante, nikaenda kukata keki.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtoto wa Mugutha kila inaponifaa. Bwenini nilijulikana kama msichana aliyetoka shule ya githeri akafaulu, na walimu walinitaja kwenye hotuba. Chuo kikuu nilipanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari, baba akalipa, na bado nikaandika kwenye fomu ya mkopo kwamba nimetoka shule ya umma. Nilipoomba kazi walinisifu kwa jinsi nilivyopambana. Nawe unanijua. Nimekusimulia hadithi hii sebuleni kwetu, ukatikisa kichwa kwa huruma, nami nikakuacha utikise.

Basi wiki jana karani wa shule alifungua kabati, akapekua rejista, akaniandikia nakala. Ni karatasi fupi. Imesema jina langu, kisha: aliingia darasa la nane, alitoka darasa la nane, tabia njema. Niliisoma nikiwa nimesimama uwanjani, na ile tabia njema ndiyo iliyonichoma. Fomu ilikuwa ijazwe kwenye kompyuta, na ningeweza kuijaza kazini kwangu Thika bila mtu kujua. Lakini nilikuwa nimesikia muda mrefu kwamba mwenzangu wa dawati ana kibanda cha saiba pale mjini Ruiru, anajazia watu fomu na kuwachapishia barua. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara. Siku hiyo nilivuka.

Kibanda chake ni kidogo, kompyuta mbili na mashine ya kunakili, na mlangoni bango la huduma zote. Alinitazama kidogo kabla hajatabasamu.

"Membley. Umepotea sana."

Nilimwambia nipo tu. Aliuliza habari za nyumbani, nikauliza za mama yake, akasema yuko, miguu inamsumbua, alirudi ushago, kwao Kakamega. Kisha akavuta kiti, akanyoosha mkono apewe kazi. Nilimpa simu yenye kiungo cha fomu na ile karatasi ya shule. Aliiweka karatasi kwenye mashine, akaisoma yote ilipokuwa ikipita. Akaanza kujaza, akiniuliza moja moja kwa sauti ya kazi: jina, kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa. Vidole vyake vilikimbia. Halafu vikasimama.

"Miaka yenye umesoma public primary. Nikuwekee ngapi?"

Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Wanataka kuanzia nne kwenda juu."

Nilitaka aseme kitu, anitukane, aniulize kuhusu Septemba ile. Alingoja tu kama anavyomngojea mteja yeyote asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa.

"Mimi huandika chenye mteja amesema," aliniambia.

"Andika mmoja."

Akaandika. Fomu ikatoa maandishi mekundu, ikakataa kusonga mbele. Nilidhani ataifunga. Badala yake aliirudisha juu, kwenye masharti, akayasoma taratibu, na nikagundua kwamba sasa hasomi kwa ajili yangu.

"Na mwenye amesoma yote nane?" aliuliza.

"Huyo anaingia."

"Degree ni lazima?"

Nilimwambia ni lazima. Baada ya shule ya kutwa alikuwa amesomea cheti cha kompyuta, miezi sita, akaishia hapo.

"Ah," alisema. "Sawa." Akafunga ukurasa, akaniuliza kama ile karatasi nataka aiweke kwenye bahasha.

Nilitoka nikatembea bila kujua ninakwenda wapi. Watu wakikumbuka utoto wao husikitikia mito iliyokauka na miti iliyokatwa, na mimi ningeweza kuililia mibuni ya Mugutha, maana sasa hakuna hata mmoja. Lakini kahawa haikunifanyia kitu. Ninayemlilia yuko hai, ana afya, anafungua kibanda saa mbili kila asubuhi, na siku nzima anawajazia wengine fomu za kwenda mahali. Nimekasirika, na sina pa kuipeleka hasira yangu. Ile sheria ilitungwa kwa ajili yake. Ilimtafuta yeye hasa, msichana wa dawati lile, na tulipoisikia inakuja tulikwenda tukakaa mahali pake.

Baba alipiga simu nikiwa bado barabarani, akitaka kujua kama fomu imekwenda. Nikamwambia imekataa, na kwa nini. Akasema nisife moyo, kuna jamaa anamfahamu kwenye kamati ya ufadhili, walisoma pamoja, atamwambia tu neno. Nilimkataza. Nilimkataza kwa sauti hadi watu wakageuka. Jioni akanitumia ujumbe kwamba ameshazungumza naye, nisubiri kupigiwa. Leo ni siku ya tano. Nimejiapia kwamba nitakataa, na bado usiku nikilala simu naiweka karibu na mto.